Wivu Wangu Uliitupa Dawa ya Mume Wangu Chooni

Wacha niseme moja kwa moja kabla sijapata kigugumizi. Mume wangu hakufa kwa kukosa dawa. Dawa alikuwa nayo. Mimi ndiye niliyeitupa chooni kwa mikono yangu hii, kisha nikarudi nyumbani nikiimba pambio!

Nisikilizeni hadi mwisho ndipo mnitukane. Matusi nimeyazoea, hata mwenyewe hujitukana nikiosha vyombo.

Mtaniuliza, ulijua ni dawa? Sikujua. Lakini hilo halinisafishi, maana ningefungua ule mfuko ningejua. Sikuufungua kwa sababu nilikuwa na hakika ya kilichomo ndani. Mwenye wivu huwa na hakika kuliko askofu!

Tulikuwa tunaishi Karagita, mtaa wa wafanyakazi wa maua kando ya ziwa, na bado naishi hapo, kwenye ploti ya vyumba vinavyotazamana. Mfereji uko katikati ya ua na vyoo viko mwisho. Mume wangu alikuwa mpiga dawa kwenye grinihausi za maua, nami nafunga maua kwenye pakihausi. Mungu alitupa mtoto mmoja, msichana, ambaye nitamwita Shiru. Majina yote nimeyabadilisha, basi msihangaike kunitafuta.

Mambo yalianza na kikohozi. Baba Shiru alisema ni zile dawa za maua zimemkwaruza koo, nami nikaamini, nikamchemshia tangawizi na kumpa asali. Kikohozi hakikusikia. Akaanza kukonda, akawa anaamka shati limelowa jasho. Mwishowe aliomba ruhusa kazini akaenda zahanati.

"Wamesema nini?" nikamuuliza aliporudi.

"Ni kifua tu. Itaisha."

Basi, hayo tu. Akageuka akavua viatu.

Kuanzia hapo nikawa nakaa na mwanamume nisiyemjua. Alitandika godoro dogo chini, kando ya mlango, akasema kitandani kuna joto. Joto gani, na upepo wa ziwa unatukata masikio! Dirisha nikilifunga yeye analifungua. Alijinunulia kikombe chake na kukiosha mwenyewe. Shiru akimkimbilia apakatwe, anamgeuza taratibu na kumwambia, "Enda kwa mum." Hata nikimsogelea tuongee, alikuwa akigeuza uso pembeni.

Nesi mmoja alikuja kunieleza baadaye kwamba kikombe hakikuwa na neno, ila lile dirisha lilikuwa la maana sana. Kumbe mume wangu alikuwa anatulinda kwa namna alivyoweza! Lakini nyinyi wanawake wenzangu mnajua akili inakokwenda mwanamume akianza kukukimbia kitandani.

Yangu ilikwenda moja kwa moja hadi mlango wa Mama Brian.

Mama Brian alikuwa jirani wetu wa kutazamana naye. Bwana yake ni dereva wa lori, nyumbani huonekana kwa nadra. Zamani tulikuwa tukifunga maua pamoja, meza moja. Kisha ikatangazwa baraza kwa chifu, wananchi wachague mhudumu wa afya wa mtaa, yule wa kuzunguka nyumba kwa nyumba akiwakumbusha watu wachemshe maji na wapeleke watoto chanjo. Jina langu pia lilitajwa. Ilipofika kuinua mikono, yake ilijaa uwanja, na yangu iliinuliwa na mama wawili watatu wa kanisa letu, tena kwa kunionea huruma.

Akapewa aproni na begi la mgongoni. Watoto wa ploti wakaanza kumwita daktari. Daktari! Mtu aliyekuwa akiazima chumvi kwangu! Kila nikisikia lile neno nilikuwa natamani kuziba masikio.

Kwa hiyo mwelewe kwamba kuni zilikuwa zimeshapangwa. Zilikuwa zinangoja kiberiti tu.

Asubuhi moja nilitoka kwenda kazini, nikafika kwenye geti la ploti nikakumbuka nimesahau leso. Niliporudi nilimwona Baba Shiru akitoka kwa Mama Brian, anajipangusa mdomo kwa mkono. Mwanamke yuko nyuma yake ameshika glasi.

"Kesho usichelewe," akamwambia.

Kesho! Niligeuka nikatoka getini bila kuingia ndani. Leso niliisahau tena, na siku hiyo supavaiza alinifokea mara kadhaa kwa kuchanganya rangi za maua.

Asubuhi iliyofuata nilijificha nyuma ya mablanketi yaliyoanikwa kwenye kamba. Nikamwona mume wangu ameketi kwenye stuli ya Mama Brian, na mlango uko wazi kabisa. Mtu mwenye akili timamu angejiuliza ni mapenzi gani haya ya mlango wazi mchana kweupe. Mimi sikuuona mlango. Mimi niliona yai. Alikuwa anammenyea yai!

Na alikuwa ananenepa, jamani. Hilo ndilo lililoniua. Mashavu yalirudi, shati likajaa mabegani, kikohozi kikakoma. Nilikuwa nimempikia githeri na ndengu na kila kitu mkono wangu unachojua, akakonda tu. Sasa anatononoka kwa yai la jirani! Nadhani ningewafumania kitandani nisingeumia vile.

Nilimuuliza jioni moja tukila.

"Wewe huenda kwa Mama Brian kufanya nini?"

Tonge lilisimama hewani. "Kwani nani amekuambia?"

"Jibu swali."

"Ni mambo ya kazi yake. Wachana nayo."

Nikaacha ugali wangu pale pale. Hakunifuata wala kunibembeleza.

Leo najua kwa nini alificha. Kwetu ukitamka TB, watu wanasikia ukimwi, na wakishasikia hivyo hata mtoto wako hapewi maji kwa jirani. Tulishaona mtu wa ploti ya pili akifukuzwa, godoro lake likachomwa mbele ya macho yake. Na mume wangu alikuwa kibarua. Kibarua anayekohoa habaki kazini. Basi akamwomba Mama Brian amfichie dawa, awe anameza kwake kila asubuhi mbele yake, na mkewe asijue. Kule zahanati aliwaambia mimi na mtoto tunaishi kwa mama yake, kijijini kwao Bahati.

Mama Brian alijua huo ni uongo. Alikuwa anatuona kila siku! Alimsihi aniambie, naye akawa anaomba muda, wiki hii, wiki ijayo. Mwishowe Mama Brian akatafuta njia ya kuzunguka. Alinijia nikiwa nachambua mchele mlangoni.

"Mama Shiru, habari ya leo? Kuna kuangalia watoto hapo zahanati. Si unipatie Shiru nimpeleke, wewe uko kazi?"

"Shiru ako mzima."

"Najua ako mzima. Ni kuangaliwa tu kifua na uzito. Hata wewe ukipata ofu ya kazi, kuja uangaliwe."

"Mimi niangaliwe nini?"

Akatupa jicho ndani mwetu, kwenye lile godoro la kando ya mlango. "Ni vizuri tu," akasema.

Lile jicho! Nilijua amejua kwamba mume wangu halali nami. Nikamwambia Shiru hana shida, na kama ana hamu ya watoto azae wengine. Akaondoka. Mimi nikabaki nikiuchambua mchele uliokwisha chambuliwa.

Jumapili yake tulitoka kanisani, ua umejaa wanawake wanafua. Mama Brian alipokuja mferejini na ndoo yake sikuweza kujizuia. Mdomo ulifunguka wenyewe.

"Bwana umechukua! Sasa unataka na mtoto wangu?"

Mikono ikasimama kwenye mabeseni. Hata redio ilipunguzwa.

"Mama Shiru, shusha sauti," akasema. "Twende kwa nyumba tuongee."

"Tuongelee hapa hapa! Ambia hawa watu bwana yangu huja kwako asubuhi kufanya nini! Waambie!"

Alifungua mdomo. Naapa nilimwona akiufungua. Kisha akaufunga, akamtazama Baba Shiru ambaye alikuwa amesimama mlangoni kwetu na sandozi miguuni.

"Baba Shiru," akamwambia polepole, "ni wewe wa kusema."

Mume wangu akaangalia chini. Halafu akaingia ndani! Aliingia ndani na kurudisha mlango!

Neno moja tu lingemwosha yule mama. Angesema "ni mgonjwa wangu" ningeaibika mimi. Lakini alikuwa ameapa kutotangaza ugonjwa wa mtu, akasimama pale na ndoo yake, macho yote yakimla, akashika kiapo chake. Mimi nilisema ukimya wake ni hatia. Wanawake wakapiga makofi ya mshangao, mmoja akatema mate.

Ningeishia hapo labda Mungu angenionea huruma. Sikuishia hapo. Nilitafuta nambari ya bwana yake kwa wenzangu wa chama cha akina mama nikampigia, nikamweleza na yale niliyoyaona na yale niliyoyatunga. Akaja na lori lake, akapakia nguo za Brian na Brian mwenyewe, akaenda. Nilikuwa dirishani kwangu, nimekunja mikono. Mama Brian alikimbia nyuma ya lile lori hadi barabarani, na kanga yake ikaanguka.

Kazi nayo ikamfia. Akibisha hodi kwa watu, wake wanafunga milango wasije wakaibiwa waume. Mwenye ploti akamwambia atafute kwingine, hataki vurugu. Akahamia Kihoto, kule maji ya ziwa yakipanda yanaingia hadi chumbani.

Kabla hajahama sikumpa nafasi ya kuongea na mume wangu. Mume nilimsindikiza kazini, nilimngoja getini, hata chooni nilimhesabia muda. Mume wangu alikuwa amesharudi kitandani kwangu. Unafikiri angefanya nini, na ua wote unamtazama?

Asubuhi aliyohama nilikuta mfuko wa kitambaa umetundikwa kwenye komeo la mlango wetu, umefungwa fundo. Niliutikisa ukachakarika kama uliojaa peremende. Nikasema, hata aibu hana, anaondoka akimwachia zawadi! Nikatembea nao hadi choo cha mwisho nikauachilia. Nikausikia ukigonga chini.

Jioni Baba Shiru aliniuliza bila kunitazama, "Hakuna kitu Mama Brian ameacha?"

"Aache nini? Roho yake?"

Akanyamaza. Angesema! Hata yeye ana makosa yake, Mungu amrehemu. Lakini kikohozi kilikuwa kimekwisha, mwili umerudi, akajiona amepona. Na zahanati aliona haya kurudi, wangemuuliza msimamizi wake yuko wapi.

Basi nikawa nimeshinda! Niliimba kwenye kwaya hadi sauti ikakauka. Mume wangu alikula kwangu na kulala kwangu, dirisha limefungwa, Shiru katikati yetu. Nilikuwa nawaambia wanawake mferejini kwamba nyumba hupiganiwa. Wakanisifu.

Kikohozi kiliporudi hakikuja kwa adabu. Kilikuja na damu. Shati lililokuwa limejaa mabegani likaanza kuning'inia tena, na safari hii alikonda kwa haraka hata Shiru akawa anamwogopa. Nilimpeleka hospitali kubwa nikimshika kiunoni. Daktari alikuwa kijana mpole. Aliangalia majibu ya makohozi, akavuta kiti karibu.

"Mzee, hii TB si ya leo. Uliwahi kuanza dawa?"

Nikageuka kumtazama mume wangu. Akaitikia kwa kichwa.

"Ukaachia katikati?"

"Eh."

"Nani alikuwa anakusimamia ukimeza?"

"Jirani," akasema. "Mama Brian."

Sijui niwaelezeje. Yai, glasi, godoro, dirisha, vyote vilikuja kwa pamoja, na nyuma yake ule mfuko. Daktari aliendelea kueleza kwamba dawa ikiachwa njiani ugonjwa hujifunza kuishinda, na kwamba sasa zile za kawaida hazimuingii, ataanza kali zaidi na za muda mrefu. Alisema pia mimi na mtoto tupimwe. Niliitikia tu kama redio.

Alizianza, lakini mapafu yalikuwa yameshaliwa. Na sasa nakuja kwenye lile ambalo ni kubwa kuliko choo.

Siku moja wodini, pumzi zikimpanda kwa shida, aliniambia, "Hata Mama Brian alinikasirikia. Alikuwa ameniandikia kwa simu ataniachia dawa kabla ahame. Hakuniachia."

Nilikuwa nimeshika bakuli la uji. Ningemwambia hapo hapo. Mlango ulikuwa umefunguliwa na yeye mwenyewe, nilitakiwa kuingia tu. Nikachota kijiko kingine nikampelekea mdomoni.

Na niwaambie ukweli mchungu ambao sijamwambia hata mchungaji. Kuna mahali ndani yangu palipofurahi kumsikia akimlaumu. Mume wangu anakufa, na mimi bado nashindana na yule mwanamke! Ngai, Mungu wangu, huo ni moyo gani?

Alikufa akiamini Mama Brian alimtupa. Tulimzika kijijini kwao Bahati, na walioniuliza nikawaambia ni zile dawa za maua.

Baada ya mazishi nilikosa usingizi, nikakosa hata hamu ya kuimba. Nikamwacha Shiru kwa dada yangu, nikaenda Kihoto kumtafuta. Nilimkuta nje ya nyumba ya mabati anachota matope yaliyoingia ndani na maji. Aproni hana. Aliponiona aliegemea jembe, hakunisalimia.

Nilipiga magoti kwenye matope nikasema yote. Mfuko, choo, wodi, lile la uji pia. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza nilingoja anipige, au alie, au aniambie Mungu ni wa huruma.

"Shiru amepimwa?" akauliza.

Nikakwangua matope magotini.

"Mama Shiru, nakuuliza. Mtoto amepimwa?"

"Bado," nikasema. "Niliogopa watu wataniona pale."

Akatupa jembe. Akaingia ndani akatoka na sweta. "Simama. Twende tumchukue."

Tulikwenda naye, tukapanda boda moja, mimi nyuma yake, tukamchukua Shiru kwa dada yangu hadi hospitali. Mimi nilikutwa salama. Shiru alikuwa nao ule ugonjwa. Daktari alisema tumewahi, na kwamba tukisimamia vizuri mtoto atapona. Mama Brian alimwonyesha namna ya kumeza tembe na uji, akamfanyia mzaha hadi akacheka. Mtoto wake mwenyewe hajamwona tangu lori lile liondoke.

Tulipotoka nje nikamwuliza kama amenisamehe.

"Nimekusikia," akasema. "Lakini wewe ulinitukana watu wakiwa wamejaa ua, halafu umekuja kuniomba msamaha tukiwa wawili kwa matope. Bwana yangu atayasikia wapi hayo ya matope, arudishe Brian?"

Nikamwambia nikisema ukweli pale ploti watanifukuza, na Shiru atatengwa, na kazini wataniangalia vibaya.

"Mimi nilinyamaza kwa sababu ya bwana yako," akasema. "Wewe unanyamaza kwa sababu ya nani?"

Akavuka barabara akaenda zake.

Ndugu zangu mnaosoma, mwenzako akibadilika usikimbilie jina la mwanamke. Muulize anaumwa wapi, na umuulize kwa sauti ambayo anaweza kuijibu. Nanyi wanaume, TB ni ugonjwa kama mwingine, unatibika ukimeza dawa hadi mwisho, basi semeni nyumbani! Na nyinyi mnaochoma magodoro ya wagonjwa, mjue mnawafundisha wengine kujificha, na anayejificha anawaambukiza hata watoto wenu.

Tembe za Shiru nawaambia majirani ni za vitamini.

Juzi nilikuwa mferejini nachota maji. Mama mmoja alinishika bega akaniambia, "Pole sana, Mama Shiru. Yule malaya ndiye alikumalizia bwana. Mungu atamlipa." Wengine wakaitikia. Maneno yote yalikuwa mdomoni mwangu, nilihitaji tu kuyaachilia.

Nikamwambia asante, nikajitwika mtungi wangu.